Mgeni, Mkaazi na Haki ya Mahali

Kila boti ya Dar es Salaam inapofunga kamba katika gati ya Malindi, hushuka miongoni mwa abiria watu ambao hawakuja Unguja kutembea wala kuzuru jamaa, ila wamekuja kuishi: kijana wa bara aliyesikia kwamba mahoteli ya Nungwi na Paje yanatafuta wapishi, seremala aliyefunga msumeno na randa katika turubai, mwalimu aliyeandikiwa barua ya kazi, mwanamke wa Ulaya aliyechoka na baridi ya kwao. Wote hao, kwa tofauti ya hali na mali zao, huwa na maswali mawili, nayo ni watalala wapi na watakula nini. Na hapana wa kuwalaumu, kwa kuwa maskani na riziki ndiyo mambo ya kwanza ayatafutayo binadamu popote anapotia mguu. Lakini liko swali la tatu, ambalo halitamkwi gatini, na ambalo naamini majawabu ya yale mawili hayatimii mpaka nalo lijibiwe: ni kitu gani kimfanyacho mtu aliyetoka kwingine kuwa mtu wa mahali alipofikia?

Wapo wasemao kwamba jawabu ni karatasi, na wapo wasemao kwamba ni wingi wa miaka, na wengine, hasa wale wajivuniao nasaba ndefu, husema kwamba mgeni ni mgeni hata akizeeka. Mimi sizidharau karatasi. Atakaye chumba Unguja hana budi kumtafuta dalali na kumlipa ujira wake, kujitambulisha kwa sheha wa shehia anayohamia, na mara nyingi kutoa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Na asiye raia huongezewa kibali cha kuishi na kibali cha kufanya kazi, ambavyo akivikosa hata ukarimu wa wenyeji hauwezi kumkinga. Hata hivyo nimewaona watu waliotimiza yote hayo, wakakaa miaka ishirini katika mtaa mmoja, na siku alipofariki jirani wa mlango wa tatu hawakujua aliyefariki ni nani.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, waliligusa jambo hili kwa mlango ambao wengi hawautazamii, nao ni mlango wa sala. Msafiri wa safari ndefu ameruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne akazisali mbili mbili, kwa sababu njia ina mashaka yake na Mola hapendi kuwatia waja wake katika dhiki. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa ile humwondokea, akawa mukimu, na rakaa zake hurejea nne. Tena huyu mukimu, ijapokuwa sala ya Ijumaa humpasa, hahesabiwi miongoni mwa wale watu arubaini ambao kwao sala hiyo husimama, maana hao sharti wawe mustautini, watu waliopafanya mahali pale kuwa kwao, wasiohama kaskazi wala kusi ila kwa haja, nao wakenda hurudi. Nimeitafakari mara nyingi hekima ya mpango huu, nikaona kwamba katika daraja zote tatu hakuna inayopatikana kwa kupewa kitu: msafiri amepunguziwa, mukimu amerejeshewa mzigo wake mzima, na mustautini ameongezewa kwamba bila ya yeye ibada ya wenzake haitimii. Kadiri mtu anavyosogea ndani ya mahali, ndivyo anavyozidi kudaiwa.

Kisa cha Hijra, kule kuhama kwa Waislamu wa kwanza kutoka Makka, chatufundisha upande wa pili wa maneno haya. Muhajirina, yaani wahamaji hao, walipofika Madina katika mwaka wa 622 hawakuwa na nyumba wala mali, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafunga undugu na Ansari, wenyeji wa Madina, mmoja kwa mmoja. Saad bin Rabii, aliyekuwa katika matajiri wa Ansari, alimwambia ndugu yake mpya Abdurrahman bin Auf kwamba yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake; naye Abdurrahman akamwombea baraka katika mali na jamaa zake, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko, akaanza na biashara ya samli na jibini mpaka akatajirika. Watu wengi hukihadithia kisa hiki kwa kuusifu ushupavu wa mchumaji peke yake, wakausahau mkono ulionyoshwa mbele yake. Mwenyeji alitoa bila ya kuombwa, na mgeni akajizuilia bila ya kukatazwa. Lingalikosekana moja katika hayo mawili, mwenyeji angalikuwa bahili, au mgeni angalikuwa kupe.

Itazame nayo nyumba ya Mji Mkongwe, ambayo kwangu mimi ni kama kitabu cha habari hizi. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya kisiwa chenyewe. Lakini dari zake hulala juu ya boriti za mikoko, na nyingi katika boriti hizo zilikatwa katika delta ya Rufiji zikavushwa kwa majahazi. Upana wa chumba haupiti urefu wa boriti, na ndiyo sababu vyumba vile ni vyembamba na virefu, vimekatwa kwa kipimo cha mti uliotoka ng'ambo ya bahari. Fundi alipokuwa akiitia boriti aliizika vichwa vyake viwili ndani ya ukuta, akapanga mawe juu yake na kumwaga chokaa. Na tangu siku hiyo hapana aliyeiuliza ilitoka msitu gani, huulizwa tu kama ingali yabeba. Mkarafuu nao si mti wa asili ya kisiwa hiki. Watokana na visiwa vya Maluku, ukaletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na leo hawezi mtu kuieleza Unguja wala Pemba asiutaje. Na katika wanadamu, Sheikh Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, mwana wa ukoo wa Hadhramaut; akaja akawa kadhi wa Unguja, akabeba mizozo ya watu na elimu ya watoto wao mpaka alipofariki hapa mwaka 1925, na jina lake laheshimiwa hata leo kuliko la wengi waliozaliwa hapa wasibebe chochote.

Mimi mwenyewe nilivuka kutoka Pangani nikiwa kijana, na mali yangu yote ilikuwa kikapu, mkeka, na jina la mtu ambaye nilipofika niliambiwa amekwisha hamia Pemba. Kazi niliipata kabla ya nyumba, kwa kuwa uhamali hautaki barua: nilisukuma gari la magunia ya mchele na sukari kutoka bandarini hadi Darajani, na jioni, viganja vikiniwaka moto, nikazunguka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, nikiuliza chumba. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani akisuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi, na nani akujuaye hapa?" Nikasema kwetu ni Pangani, na hapa hanijui mtu. Akaendelea na ukili wake kitambo, kisha akasema, "Basi mimi nitakujua," akanifungulia chumba cha uani, kwa kodi ya mwezi kwa mwezi.

Nilikaa miezi minane nikilipa kodi ile pasi na kuchelewa, nikidhani kwamba nimekwisha timiza yanipasayo. Usiku mmoja wa masika, kabla ya adhana ya alfajiri, nikagongewa mlango, na sauti ikasema, "Mzee wa nyumba ya pili ametangulia mbele ya haki. Amka, twende tukachimbe." Nikapewa jembe ambalo mpini wake ulikuwa laini kama mfupa kwa mikono ya watu waliolishika kabla yangu. Udongo wa kichanga ulikuwa umelowa, ukiporomoka kila tulipoutoa, na tulipokezana wawili wawili, mmoja akichimba na mwenziwe akizuia ukingo kwa ubao, mpaka tukafikia mahali pa kukata mwanandani. Hapana aliyeniuliza kwetu wapi. Nilipokuwa narudi na tope magotini, mwenye duka la pembeni, ambaye miezi yote minane alikuwa akiniita mgeni, alinipa pole ya msiba akaniita jirani. Nami nilisimama pale kizingitini kwake nimeshikwa na simanzi na furaha pamoja, nisijue ipi niitangulize.

Tangu siku hiyo nimeifahamu vingine ile methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma kama karipio la mwenyeji aliyechoka kulisha, ilhali naona kwamba jembe lile ni heshima: ni kuambiwa kwamba sasa twaweza kukuamsha usiku. Mtu huwa wa mahali siku ile mahali panapopata haki juu yake, naye akaikubali. Wala haki hii haichagui dini. Mafundisho yetu yameweka haki ya jirani hata kwa jirani asiyekuwa Muislamu, na mpishi Mkristo aliyetoka Mwanza, ambaye hataingia katika safu ya sala ya jeneza, aweza kukaa matangani, kuchota maji, na kutoa mchango wake kama mwengine yeyote.

Nimesema akaikubali, na neno hilo sikulitia kwa kujaza sentensi. Kisiwa hiki hiki kilikuwa na soko la watumwa pale Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na maelfu waliletwa humu wakabebeshwa kila mzigo bila ya kupewa haki yoyote. Kubebeshwa huko hakukuwa ukaazi, kulikuwa dhuluma, kwa sababu mzigo usio na hiari wala malipo ya haki haumuungi mtu na mahali. Na wenye kubeba wana haki ya kutong'olewa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaaji wa Ng'ambo, ambao wengi wao walikuwa watu wa asili ya utumwa na watu waliotoka bara, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Na kila nikiyasoma mambo yao nawaona kama watu waliosema kwamba aliyeijenga mitaa hii kwa mikono yake hawezi kufanywa mpita njia ndani yake.

Kwa upande wa pili, ajaye na mali nyingi yuko katika hatari ya namna nyingine. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iko mikononi mwa Serikali, na mgeni hauziwi, hukodishiwa kwa muda. Wengine huiona sheria hii kuwa kikwazo. Mimi naiona kuwa ukumbusho wa jambo ambalo wenye kuweka nyumba zao wakfu walilijua zamani, kwamba ardhi ni amana na sisi sote tu wapangaji wake. Lakini amana yaweza kukodishwa kihalali na bado ikakaliwa bila ya insafu, pale kodi za nyumba zinapopanda hadi mtoto wa kijiji asipate pa kuoa na kuishi, na ukuta wa hoteli ukaifunga njia aliyopita mama yake alipokwenda kuvua pweza na kulima mwani. Akaaye hivyo, hata akikaa miaka tisini, yungali katika ruhusa ya msafiri, anasali mbili mbili.

Juma lililopita kijana mmoja wa Kigoma alinikuta barazani, nami sasa ndiye mzee wa mtaa ule, akaniuliza habari za chumba na kazi. Nikamwambia kodi zilivyo, nikamtajia dalali mwaminifu na hoteli moja inayotafuta mpishi, na nikamwahidi kumpeleka kwa sheha. Kisha nikaondoka naye hadi nyuma ya msikiti, penye jeneza la mtaa, nikamwonyesha majembe mawili yaliyoegemezwa ukutani. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ajue tu yaliko.