Mgeni wa Nani? Fanani Mashuhuri na Hadhira Yake katika Ukumbi Mdogo wa Kitengela

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kulipita kando. Je, hadhira inayomtazama fanani mashuhuri kwa umbali wa hatua tatu ina wajibu gani kwake ambao hadhira ya uwanjani haina? Swali hili ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiuhakiki. Hata hivyo haliwezi kujibiwa bila kuitazama matini, kwa kuwa katika ukumbi mdogo matini hubadilika, na anayeibadilisha si fanani peke yake.

Kitengela ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hii. Mji huu uko kando ya barabara ya Namanga, kusini mwa Nairobi, katika nyanda ambazo kwa vizazi vingi zilikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya wanyama watokao katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Viwanda vya Athi River, hasa vile vya eneo la bidhaa za kuuzwa nje vilivyofuata sheria ya mwaka 1990, viliwavuta wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Na wale walioshindwa na kodi za Nairobi wakafuata. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo lote la Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu 1,117,840. Wageni hao walikuja na nyimbo zao. Ndiyo sababu katika baa za Kitengela, mwishoni mwa juma, hupigwa benga ya Waluo na ya Wakamba, rumba ya Kikongo na mugithi wa Wakikuyu, na pengine vyote hivyo hupigwa katika barabara moja. Mwanamuziki ambaye sauti yake imesikika redioni kwa miaka ishirini hutangazwa kwa bango lililobandikwa ukutani, huketi juu ya kigoda kirefu akiwa na gitaa na kipaza sauti, na meza iliyo karibu naye inaweza kumgusa goti.

Je, ukaribu huo una thamani gani? Walter Benjamin, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1936, aliona kwamba kazi ya sanaa inapozalishwa kwa mitambo hupoteza ule upekee wa kuwapo mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hoja hiyo imerudiwa mno hata ikachakaa. Mfano wa Kitengela unaigeuza. Anayeingia katika baa ile hakuwa na hamu ya kumwona fanani kabla ya mashine. Hamu hiyo imezaliwa na mashine yenyewe, yaani kanda iliyonunuliwa River Road, redio ya matatu, na sasa simu ya mkononi. Sauti iliyotawanyika kila mahali ndiyo inayomfanya mtu atamani kuuona mdomo inakotoka. Kwa hiyo ukaribu wa ukumbi mdogo ni tunda la umbali, wala usichanganywe na ukaribu wa jadi ambao kamwe haukuwahi kujua umbali.

Ukaribu huo wa jadi hauko mbali na Kitengela. Katika uimbaji wa Kimaasai unaojulikana kote Kajiado, yuko olaranyani, kiongozi anayeanzisha wimbo na kuubeba, na liko kundi linalomjibu kwa mvumo wa koo. Olaranyani anaweza kusifika sana kwa ufundi wake. Lakini wanaomzunguka hawamtazami kama watazamaji wanavyomtazama mwimbaji: wao nao wanaimba, na wakinyamaza wimbo umekufa. Hakuna aliyelipa kiingilio ili awe karibu naye. Neno hadhira, ambalo wahakiki hulitumia kwa wepesi kana kwamba linafaa kila mahali, hapa linayumba.

Mugithi unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani ndani yake hadhira ni nusu hadhira na nusu mtunzi. Jina lenyewe kwa Kikuyu lina maana ya gari la moshi. Wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja ameshika mabega au kiuno cha aliye mbele yake, na msafara ukazunguka meza. (Reli halisi, ile ya Konza hadi Magadi, inapita mjini Kajiado kwenyewe, lakini ilijengwa kwa ajili ya magadi, wala si kwa ajili ya ngoma.) Fanani wa mugithi wa gitaa moja, mtindo uliopata nguvu mijini katika miaka ya 1990 kwa watu kama Mike Rua, hufuma nyimbo za waliomtangulia, akina Joseph Kamaru, zikawa mkufu mmoja usiokatika. Katikati ya mkufu huo huingiza majina ya watu walioketi mbele yake, vijiji walikotoka, kazi zao, na hata siri zao ndogo. Matini iliyorekodiwa haina majina hayo. Kesho yake matini ya jana haipo tena. Mhakiki akiuliza nani aliyeitunga, hawezi kumtaja mwenye gitaa pekee. Aliyekaa meza ya kona naye ana sehemu yake.

Mwambao umelijua jambo hili kwa muda mrefu. Katika taarabu ya Mombasa, kwenye arusi alizoimba Juma Bhalo (aliyefariki mwaka 2014), aliyeinuka kwenda kutuza hakuwa anamlipa mwimbaji tu. Alichagua ubeti wa kuinukia, na kwa kuinuka wakati huo alimwelekezea hasimu wake maneno ambayo kinywa chake mwenyewe kisingethubutu kuyatamka. Tuzo ilikuwa usemi. Mwenye kutuza aliazima sauti ya fanani, na kila aliyekuwapo alijua ameazima. Sasa, kitu cha kuazima kina adabu zake: huombwa, hutumiwa kwa kiasi, hurudishwa kikiwa kizima.

Hapo ndipo suala la maadili linapoanza kuuma. Katika mjadala wa Plato uitwao Ion, mghani anakiri kwamba anapoghani huwachungulia wasikilizaji kutoka jukwaani, kwa kuwa wao wakilia yeye atacheka kwa malipo atakayopata, na wao wakicheka yeye ndiye atakayelia. Wafasiri wengi wamekisoma kifungu hicho kama kejeli dhidi ya mghani mwenye tamaa. Kusoma hivyo ni rahisi mno. Kinachofichuka pale ni kwamba mghani ana njaa, na kwamba hadhira inayolia haijui kuwa inachunguliwa. Okot p'Bitek, katika insha zilizochapishwa mwaka 1986, alidai kwamba msanii ndiye mtawala wa kweli wa jamii, kwa sababu ndiye anayeziumba thamani ambazo watu huishi kwazo. Ni dai zuri. Lakini mtawala huyo, saa saba za usiku, anasubiri mwenye baa ahesabu viingilio ndipo ajue kama atapata nauli ya kumrudisha nyumbani.

Ukweli huu hauwezi kukwepwa kwa maneno matamu kuhusu uchangamfu wa kumbi ndogo. Fanani mkubwa wa Kenya hafiki Kitengela kwa kuwa amechoshwa na viwanja vikubwa. Kwa miongo mingi kanda bandia zilikula jasho lake, na ijapokuwa Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001, mirabaha imebaki kuwa manung'uniko ya kila mwaka. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati aliyeipa benga ya Kijaluo sura yake, nyimbo zake zilifika hadi masoko ya Ulaya. Hata hivyo aliendelea na kazi ya barabarani na ya ukumbini hadi alipofariki katika ajali ya gari karibu na Kisumu mwaka 2006. Linganisha na Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani aliyezoea kujaza viwanja vya mpira. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2018 aliimba katika ukumbi wa Walter Kerr, New York, wenye viti visivyofika elfu moja, na tiketi zikauzwa kwa mamia ya dola. Kwake yeye kushuka hadi ukumbi mdogo ni kupanda bei. Kitengela ukaribu ni wa bei nafuu kuliko umbali, na unafuu huo umelipiwa na fanani.

Basi, je, ni halali kwa msikilizaji kuufurahia ukaribu uliozaliwa na uhitaji wa mwenzake? Kuna atakayejibu kwamba si halali, na kwamba heshima ingekuwa kumpa fanani pensheni na jukwaa la taifa. Jibu hilo lina huruma, lakini ndani ya huruma hiyo kuna dharau. Linadhani kwamba ukumbi mdogo ni adhabu tu. Ufundi wa mugithi haupo nje ya ukumbi mdogo: jina haliwezi kuingizwa katika wimbo mbele ya watu elfu arobaini. Fanani anayemtazama mteja usoni, akajua kwamba huyu ametoka msibani na yule amepata kazi, akachagua wimbo kwa kadiri hiyo, anafanya kazi ambayo uwanja hauwezi kuipokea. Kumhurumia kwa kuwapo pale ni kukataa kuiona kazi yenyewe.

Njia yenye tija ni kuuliza nani mwenyeji na nani mgeni. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na jina lake likavuka bahari. Shaaban Robert alimwona kuwa anastahili wasifu, heshima ambayo wanawake wachache wa zama zile waliipata. Lakini hata baada ya santuri kumtangaza, watu waliendelea kumfuata nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, wakamsikiliza usiku. Tofauti ndogo hiyo ni kubwa: waliingia katika nyumba yake. Mwenye nyumba ana haki ya kusema leo basi, koo limekauka, kwaherini. Mgeni hana budi kuinuka. Ukaribu wa Ng'ambo ulikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa kwa fanani. Springsteen naye, kwa namna yake ya kitajiri, alikuwa mwenyeji: yeye ndiye aliyepanga maneno, muda na kimya.

Katika baa ya Kitengela uenyeji umegawanyika vibaya. Mwenye jengo anajiona mwenyeji. Mteja aliyelipa kiingilio na kununua chupa naye anajiona mwenyeji, tena mwenye kauli zaidi. Fanani, ambaye jina lake ndilo lililowaleta wote, ndiye mgeni, na mgeni asiye na jamaa katika nyumba hiyo. Kutokana na hali hiyo huzuka mambo ambayo wapenzi wa kumbi ndogo hawapendi kuyataja: kuagizwa wimbo kama mtu aagizavyo nyama, kuvutwa mkono, kudaiwa matusi ya usiku wa manane ambayo fanani hakutaka kuyaimba, au kuimbishwa kejeli dhidi ya kabila la walioketi meza ya pili. Mji uliojengwa na watu wa makabila mengi hauwezi kuliona hilo la mwisho kuwa mzaha. Na ikiwa imekubaliwa, kama ilivyoelezwa hapo juu, kwamba msikilizaji ni mtunzi mwenza, basi hawezi kutoka nje asubuhi akasema maneno yalikuwa ya mwenye gitaa.

Kipimo cha ukumbi, kwa hiyo, hakiko katika idadi ya hatua zilizopo baina ya kigoda na meza. Kiko katika uwezo wa fanani kukataa. Uwanjani uwezo huo hauhitajiki sana, kwa kuwa hakuna anayeweza kumfikia. Ukumbini unahitajika kila dakika, na hautoki kwake peke yake: anaupata pale wengine waliopo wanapomkubalia. Adabu ya zamani ya kutuza ilisaidia, maana aliyetaka kitu alilazimika kuinuka, akatembea mbele ya macho ya wote, akaonekana akitaka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hata hilo limelegea. Mtu anaweza kuituma tuzo akiwa ameketi gizani, na agizo lake likafika bila uso. Simu hiyohiyo huinuliwa kupiga picha, na kioo kidogo kikarudi baina ya watu wawili ambao usiku mzima walikuwa wamelipia kutokuwa na kioo.

Tuseme ujumbe wa pesa umeingia kwa mara ya tatu, ukitaka wimbo uleule, na fanani ameweka gitaa chini ili anywe maji. Mtumaji anapiga meza. Mwenye baa anatazama saa. Meza nyingine sita au saba zimenyamaza zikisubiri, na ndizo zitakazoamua kama mtu yule atayamaliza maji yake.