Nani Alikosa Hata Mtoto Asiseme?

Huko Mwimbi, kata ya wilaya ya Kalambo juu ya uwanda wa Ufipa, mtoto aliyefika miaka miwili na nusu bila kutamka hata "mama" huwasumbua watu kuliko mtoto mwenye homa. Homa ina dawa zahanati. Kimya cha mtoto hutafutiwa mkosaji. Bibi atauliza ni nani alimpakata kabla ya arobaini. Jirani atamfungua kinywa kutazama kama chini ya ulimi kuna utando wa kukatwa. Mwingine atanong'ona kwamba mtoto kafungwa ulimi, na kwa kuwa mkoa wa Rukwa umebebeshwa sifa ya uchawi hata na watu wasiowahi kukanyaga Sumbawanga, uvumi huo huota mizizi upesi. Usiku mama hubaki macho akiwakumbuka wote aliowahi kugombana nao.

Swali hilo lina umri mkubwa. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anawaondolea wote shtaka. Injili hiyo si ngeni huku: Wamisionari wa Afrika walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka mwambao huo Ukatoliki ukapanda hadi uwandani. Hata hivyo waliolisikia jibu Jumapili hurudia swali lile lile Jumatatu, mbele ya mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Kuna simulizi nyingine inayostahili kusomwa polepole zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, Musa anajitetea kwamba yeye ni mzito wa kusema. Mungu hamlaumu kwa ulimi huo. Anamkumbusha kwamba kinywa cha binadamu, pamoja na cha bubu, kimeumbwa naye. Hasira inakuja baadaye, Musa anapoendelea kukataa kutumwa, na hata hapo anapewa ndugu yake Haruni awe msemaji wake. Hakuna mahali simulizi inaposema ulimi uliponywa. Kurani, katika sura ya Taha, inamwonyesha Musa akiomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wamwelewe, na katika dua hiyo hiyo akiomba Haruni awe msaidizi wake. Anaambiwa kwamba amepewa alichoomba. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa sheria ya taifa zima alikuwa mgumu wa maneno, na sehemu ya jibu la dua yake ilikuwa ndugu wa kusimama naye. Hapo ndipo swali la Mwimbi linapopaswa kugeuzwa: aachwe anayetafutwa kwa kosa, atafutwe wa kusimama na mtoto.

Wanafalsafa hawakusaidia sana. Aristotle alimtofautisha binadamu na wanyama wengine kwa kuwa na usemi wenye hoja, na kutoka hapo ni rahisi kuteleza na kudhani kwamba asiyesema hafikiri. Augustino, askofu Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliona mbali zaidi alipojiwaza akiwa mchanga. Katika Maungamo anaeleza jinsi mtoto anavyotupa mikono na kulia ili watu wajue anachotaka. Kutaka kulikuwako kabla ya maneno. Alikuwako mtu.

Wauguzi na wataalamu wa lugha wangekubaliana naye. Kwa kawaida mtoto wa miaka miwili hutarajiwa kuwa na maneno kama 50 na kuunga mawili: "mama maji", "baba njoo". Wapo watoto wengi ambao umri huo huwakuta bado, na wengi kati yao baadaye huwafikia wenzao. Lakini asiyepimwa hajulikani yumo kundi gani. Masikio ndiyo ya kwanza kuangaliwa, maana usaha wa sikio, homa ya uti wa mgongo, au rubella aliyougua mama akiwa mjamzito vinaweza kumnyima mtoto sauti anazopaswa kuziiga. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubella mwaka 2014, na watoto huipata wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Siku hiyo ya miezi 18 mtoto yuko mbele ya nesi, kadi iko mezani. Je, hugeuka akiitwa? Huonyesha kitu kwa kidole? Anapochuchumaa bibi na kupiga makofi polepole kusalimia wageni, naye hujaribu kupiga? Mtoto anayejibu makofi kwa makofi ameshaingia kwenye mazungumzo.

Ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema unaumiza: nyumba iache Kifipa, Kimambwe au Kilungu, mtoto aongeleshwe Kiswahili tu. Lugha mbili hazisababishi tatizo la usemi. Bibi akiambiwa anyamaze na lugha yake, mtoto ananyang'anywa mtu mwenye hadithi nyingi kuliko wote nyumbani.

Dini zenyewe hazikungoja mtoto aseme. Mwislamu mchanga huadhiniwa sikioni akiwa hajui neno, na wanazuoni wa fikihi wanaikubali ishara ya bubu hata katika ndoa. Katika ubatizo wa Kikatoliki wazazi na wasimamizi hujibu maswali, kisha katika ibada ya Efata padri anaweza kugusa masikio na kinywa cha mtoto. Ibada hiyo inatoka sura ya 7 ya Marko, alipoletwa kiziwi mwenye shida ya kusema. Yesu alimtoa kwanza kwenye umati, akamtia vidole masikioni, ndipo akamgusa ulimi. Mama wa Mwimbi angeshukuru kuondolewa kwenye umati kabla ya lolote.

Dua haipingani na hospitali, na mchungaji anayemwambia mama aache kliniki ili kuonyesha imani anamdhulumu. Ugumu wa kweli ni umbali. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa tiba ya usemi mwaka 2008, na hadi leo Afrika Mashariki ina wachache mno, wengi wao mijini. Jumuiya ndogondogo zinazochangishana kwa ajili ya misiba na mabati ya kanisa zinaweza kuchangia pia nauli ya mama mmoja na mwanawe hadi mahali masikio yanapopimwa, na mtu wa kwenda naye.