Mali Iliyoachwa ni ya Nani?

Katika sanduku la darsa yetu, usiku wa kuamkia Ijumaa, ilitiwa bahasha yenye shilingi 5,600, na juu yake haikuandikwa jina. Sanduku hilo ni la paa la chuo, ambalo wasomaji wetu walijua vyema, kwani ni watoto wao wanaorowa humo kila masika yakipiga. Tulishukuru, tukaziandika fedha daftarini, tukamwombea dua mtoaji. Haikupita juma ila mwenyewe akajitokeza. Ni kijana katika wanafunzi wetu, mpole, mwenye bidii ya kusoma. Akasema: “Masheikh wangu, fedha zile ni za rejeta mbili za malori nilizozifungua kule shambani tulikokwenda baada ya Idi. Nilirudi peke yangu. Shamba halina mwenyewe, nami sikutaka kula, nikaona bora ziingie katika kheri. Lakini tangu kuzitia humu moyo wangu hautulii.”

Twaileta habari hii mbele ya wasomaji si kwa kumfedhehi kijana, ambaye kwa kuja kwake ametutangulia katika heshima, bali kwa kuwa sisi wenyewe hatukutoka safi ndani yake. Ni sisi tuliompeleka huko.

Shamba lenyewe ni la mkonge, katika mwambao wetu huu, na jina lake hatulitaji. Tulikwenda watu 12 kwa ajili ya kupunga hewa, na kilichotuvuta ni habari za mitambo yake. Chini ya banda ambalo nusu ya mabati yake imeanguka, imesimama korona, yaani ile mashine ya kuparuza majani ya mkonge hata zibaki singa tupu. Ukanda wake umeoza na magurudumu yake yameganda kwa kutu. Hapo huanzia reli nyembamba iliyokuwa ikipitisha mabehewa ya majani kutoka kondeni. Ukiifuata hatua 200 yaingia kichakani na haionekani tena. Malori matatu yamepangwa ubavu kwa ubavu, kana kwamba madereva wameteremka kwenda kusali na watarudi. Moja limetobolewa sakafu na mti ambao sasa watokeza dirishani, na katika kiti cha dereva kuku wa mlinzi ametaga. Matrekta mawili hayana matairi. Ofisini mchwa wamekula madaftari ya mishahara, wakabakisha majalada.

Mkonge si mmea wa kwetu asili. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dokta Richard Hindorf, kutoka Florida, na katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyosalimika. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo. Bei yake ilipanda sana wakati wa Vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia katika soko la kamba, na katika miaka ya 1960 bei ikaporomoka. Mashamba ya namna hii aghalabu hayafi kwa siku moja. Mashine yaharibika isitengenezwe. Mwaka wa pili yaharibika nyingine, nayo hutolewa vipande vya kutengenezea ya tatu. Hata siku moja hakuna yenye kwenda.

Twakiri kwamba tulistarehe. Mahame yana utamu wake, na huzuni yake ni huzuni isiyomgharimu mtu kitu. Mmoja wetu alitukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Hajj, ametaja kisima kilichoachwa pamoja na jumba lililojengwa likainuka, katika habari za miji iliyoangamizwa kwa dhulma yake. Tulitikisa vichwa, tukasema “kweli”, tukapanda malori tukapigwa picha. Aya ile ilituita tuwatazame wale waliopita tupate kuzingatia, nasi tuliifanya kama pambo la matembezi.

Sasa tuzitazame hoja za kijana, kwani alikuwa nazo, na hazikuwa za mjinga.

Hoja ya kwanza aliitoa katika Sura ya Nur. Humo Waislamu wamekatazwa kuingia nyumba za watu bila ya kubisha hodi na kutoa salamu, kisha wakaruhusiwa nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa yao. Akasema: shamba lile halikaliwi, na manufaa yamo. Hapa kijana aliteleza kwa neno moja. Wafasiri wameeleza kuwa nyumba hizo ni kama vituo vya wasafiri, maduka na magofu, na manufaa yenyewe ni mtu kujikinga jua na mvua, kuweka mizigo yake, au kukidhi haja yake. Aya imetupa ruhusa ya kuingia. Haikutupa spana.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, na ilitugawa mafungu mawili kwa darsa mbili nzima. Imepokewa na Abu Daud kwamba mnyama aliyeachwa na wenyewe kwa kushindwa kumlisha, akaja mtu akamtwaa na kumhuisha, basi ni wa huyo aliyemhuisha. Imam Ahmad ameshika hivyo. Kijana akauliza: ikiwa ngamia mwenye roho huwa wa aliyemwokota, vipi rejeta iliyoachwa iliwe na kutu? Wenzetu wawili walikuwa pamoja naye, na hatukuweza kuwapuuza.

Lakini Imam Shafi, ambaye watu wa mwambao huu wengi wao wafuata madhehebu yake, hakukubali. Kwake mnyama yule angali wa mwenyewe, na aliyemlisha amejitolea tu. Milki hutoka mkononi mwa mtu kwa kuuza, kwa kutoa, kwa kufa na mfano wa hayo. Haitoki kwa kuwa mbali wala kwa kushindwa. Kuna kutupa na kuna kuacha, na hayo si mamoja. Atupaye maganda ya chungwa hana nia nayo tena. Mtume wetu (S.A.W.) aliikuta tende njiani, akasema kwamba lau si kuchelea kuwa ni ya sadaka angeliila; hapo twajua kuwa kitu kidogo ambacho mwenyewe hatakitafuta hakina dhiki. Lakini rejeta ya lori si tende. Na hata tukienda na Imam Ahmad, ngamia yule alihuishwa, akasimama, akatembea. Kijana wetu hakuihuisha rejeta, aliiuza kwa mizani ikayeyushwe. Wale wenzetu wawili waliposikia hivi walinyamaza, ingawa mmoja wao mpaka leo asema hakuridhika, na twaliandika hilo kwa amana.

Yataka tuseme kuhusu mnunuzi pia. Mtu aletaye shaba isiyo na maelezo akapokewa bila ya kuulizwa, dhambi haikai upande mmoja. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya milingoti ya umeme na vya reli. Waliong'oa nao bila shaka walisema kuwa vitu vile havina mwenyewe, kwa maana kila kitu cha umma kwa watu wetu hakina mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuchoma. Alisema: “Masheikh, hamumwoni yule aliyeacha? Ardhi ekari kwa ekari, mitambo inaoza, na watu wa vijiji vya jirani hawana hata jembe la kukokotwa. Mwanilaumu mimi kwa rejeta mbili, na aliyeharibu shamba zima hamumlaumu.”

Twamlaumu. Dini yetu haikumpa mtu milki ili akalie kitu, mwenyewe asikitumie na wenzake wasikitumie. Amepokea Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru mwenye ardhi ailime au ampe nduguye ailime. Na iko habari ya Bilal bin Harith, wa kabila la Muzaina, ambayo tungependa kila mwenye ardhi tupu katika pwani hii aisikie. Mtume (S.A.W.) alimpa bonde la Al-Aqiq, karibu na Madina. Ulipofika ukhalifa wa Seyyidna Umar (R.A.), bonde lilikuwa kubwa kuliko nguvu za Bilal. Seyyidna Umar akamwita, akamfahamisha kuwa hakupewa ili awazuilie watu, basi ashike kiasi awezacho kukilima na kingine akirudishe. Bilal akakataa, kwa kuwa alipewa na Mtume mwenyewe; na ni hoja gani kubwa kuliko hiyo? Juu ya hayo Seyyidna Umar alikitwaa kile kilichomshinda, akawagawia Waislamu. Katika nchi yetu ardhi nyingi ya mwambao ilihesabiwa kuwa ya Serikali kwa sheria ya mwaka 1908, kwa kuwa waliokuwa juu yake hawakuleta madai kwa maandishi, na mpaka leo wako wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na karibu yao mashamba makubwa ya mabwana walio mbali. Mwenye kuyaona haya akakasirika, hatumwambii atulie.

Ila tazama namna Seyyidna Umar alivyofanya. Alimwita mwenyewe, wakasemezana uso kwa uso, akatwaa mchana kwa cheo cha mwenye kusimamia haki za watu, na alichotwaa kilikwenda kwa wenye kulima. Hakuwaambia watu wa Madina wapite Al-Aqiq usiku, kila mtu na ajifungulie chake. Dhulma ya mwenye kuacha ni deni lake kwa umma. Si hundi ambayo kila mpita njia aweza kwenda kuivunja.

Wala uharibifu haukuwa wa matajiri binafsi tu. Wazee wakumbuka habari za karanga za Kongwa, Tanganyika. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori kwa nia ya kulima ekari zaidi ya milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, mengi yao kutoka Ufilipino, na vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi yawa ngumu kama sakafu, na mchanga wake wala chuma. Mvua nazo ni haba. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara yake yapata pauni milioni 36. Mwenye kuacha jambo kama lile ana hesabu nzito. Lakini hata huko, aliyechukua kipande cha chuma gizani hakupunguza hesabu ile. Aliongeza yake mwenyewe.

Twarudi shambani kwetu. Kijana alipoona hivi, aliomba twende naye kuzirudisha fedha, nasi tukaenda watu watatu. Mlinzi wa shamba ni mzee wa Kigiriama, na si Mwislamu. Siku ya matembezi yetu tulimsalimu kwa haraka, tukampa mkate, na hatukumwuliza ruhusa wala habari. Safari hii tulikaa naye chini ya mwembe. Kijana akamwambia, “Shikamoo babu, mimi ndiye niliyefungua rejeta,” na hakuweza kuendelea.

Mzee akaingia chumbani mwake akatoka na daftari lililofungwa kwa mfuko wa plastiki. Humo mmeandikwa, kwa mkono wake, kila kitu alichokabidhiwa: malori, matrekta, mabehewa, mapipa, hata makufuli. Penye rejeta ametia alama na tarehe. Tukamwuliza analipwa na nani. Akasema mshahara haujafika kwa miezi 14, na simu aliyopewa haishikwi.

Hapo sisi tuliosoma vitabu tulitazamana. Katika madhehebu yetu mtu akiwa na haki juu ya mwingine, naye anakataa kumlipa, kisha akaipata mali yake, anayo ruhusa kutwaa kadiri ya haki yake. Na dalili yake ni habari ya Hind mke wa Abu Sufian, aliporuhusiwa kutwaa katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi katika watu wote waliokanyaga shamba lile, huyu peke yake ndiye aliyekuwa na njia ya kuzichukua rejeta zile. Tulimweleza hivyo, kwa ufupi. Akacheka kidogo, akasema: “Nikianza kujilipa kwa vyuma, nitajuaje pa kuishia? Nilipewa kwa hesabu, wanangu. Akija mwenyewe nampa kwa hesabu, naye anipe yangu.”

Fedha alizikataa. Alisema daftari lake halina mahali pa shilingi, lina mahali pa rejeta.

Kijana akaenda kwa mnunuzi siku ile ile. Rejeta moja ilikuwa ingalipo, na akatakiwa shilingi 3,500 kwa kitu alichouza 2,800. Akalipa, akaipakia nyuma ya bodaboda akaipeleka, na mzee akafuta alama moja. Ya pili ilikwisha kwenda na lori la Mombasa. Shilingi 2,100 zilizobaki zimo katika bahasha yake, mbali na fedha za paa, na tumeziandika katika daftari letu kuwa ni amana ya shamba. Mmoja wetu aliye karani amepewa kazi ya kutafuta katika ofisi ya ardhi jina la mwenye shamba, apelekewe barua mbili: moja ya rejeta, na moja ya mishahara ya miezi 14.