Je, Kila Jambo la Asili ni Jema kwa Mtoto?

Katika soko la Virunga mjini Goma utawaona akina mama wanaouza maharagi, sombe na sambaza, na watoto wao wamefungwa mgongoni kwa kikwembe. Mtoto akilia, hunyonya papo hapo. Usiku hulala kando ya mama yake. Ukimwuliza mama huyo ni nani aliyemfundisha kulea namna hiyo, atacheka tu. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake pia.

Huko Marekani mambo hayo yalihitaji kuandikwa gazetini. Mwaka 1956 wanawake saba Wakatoliki wa Franklin Park, karibu na Chicago, waliunda chama cha kusaidiana kunyonyesha watoto, kwa kuwa wengi huko walikuwa wamezoea chupa. Wakakiita La Leche, yaani «maziwa», kwa heshima ya Mama Bikira Maria anyonyeshaye, anayeheshimiwa kwa jina hilo katika kikanisa cha St. Augustine, Florida. Halafu, mwaka 1976, mama mmoja aitwaye Adeline Eden alianzisha huko Colorado gazeti la wazazi, jina lake Mothering. Tangu 1980 liliongozwa na Peggy O'Mara, nalo lilichapishwa hadi 2011. Lilifundisha kwamba familia iishi kwa njia za asili: mama amnyonyeshe mtoto, ambebe mwilini, alale naye karibu.

Basi, swali letu ni hili: je, jambo likiwa la asili, yatosha kuliita jema? Kwetu wako wanaosema: «Wazee wetu walikua bila chanjo wala daktari.» Wako na wengine wanaosema kwamba asili ni mambo ya washamba, na mtoto wa mtu aliyesoma hunyweshwa kwa chupa. Wote wanakosea, na makosa yao hulipwa na watoto.

Tuanze na hawa wa pili. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji huzama chini, na mito haipo. Watu wengi huyapata maji ya Ziwa Kivu katika bidoni, mgongoni au juu ya chukudu. Sasa, chupa ya mtoto yataka maji safi yaliyochemshwa, na makala ya kuyachemshia, na franga za kununua unga wa maziwa kila juma. Franga zikipungua, mama huongeza maji na kupunguza unga, na mtoto hukonda huku chupa imejaa. Nasi twajua maji machafu yaweza kufanya nini. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walipoingia Goma kutoka Rwanda, kipindupindu na kuhara viliwaangukia, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Maziwa ya mama hayatekwi ziwani, hayahitaji moto, tena yana kinga ndani yake. Ndiyo sababu mwaka 1981 mataifa yaliyokutana Geneva yalikubaliana juu ya kanuni za kuwazuia wachuuzi wasiusifu unga wa maziwa ovyo ovyo mbele ya akina mama.

Na mgongo wa mama je? Mwaka 1954 mwanamke mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Uganda, akawatembelea akina mama wa vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wao 28. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayemtumaini mama yake hathubutu kidogo, bali huthubutu zaidi: hutambaa mbali, hugusa na kuchungua vitu, kisha hurudi. Kwa hiyo, wanaosema kwamba kumbeba mtoto ni kumharibu wamekosea.

Sasa tuwajibu wale wa kwanza. Ni ajabu mtu wa Goma kusema kwamba asili daima ni njema! Je, moto wa Nyiragongo si wa asili? Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji na kuziteketeza nyumba za maelfu ya watu. Mazuku je? Ile hewa nzito itokayo ardhini hulala mabondeni. Mtu mzima aweza kupita salama, naye mtoto mfupi akaanguka na kufa. Mama mwenye akili hasemi, «Ni ya asili, mwacheni acheze huko.» Humkamata mkono na kumwondoa.

Surua nayo ni ya asili. Katika ugonjwa ulioanza mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo. Walikuwa wakinyonya na kubebwa kama watoto wengine. Walichokosa wengi wao ni chanjo. Lile gazeti la Marekani lilitetea vizuri maziwa ya mama, lakini lilichapisha pia maandishi ya kuitilia shaka chanjo. Kosa lake ni lile lile la hawa ndugu zetu: kuifanya asili kuwa mwamuzi.

Basi kipimo ni nini? Ni mema ya mtoto, yanayotafutwa kwa upendo na kwa akili. Akili nayo ni ya asili ya binadamu, ni zawadi ya Muumba kama yalivyo maziwa. Tazama ugonjwa tunaouita bwaki. Mama akipata mimba nyingine, mtoto wa kwanza huachishwa ghafula, akapewa bugali wa muhogo mtupu. Tumbo hujaa, lakini miguu huvimba na nywele hugeuka rangi. Madaktari wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama tu miezi 6, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Maharagi yaliyopondwa na sambaza zilizosagwa si vitu vya kutoka mbali. Ni vya soko letu.

Lakini hapa liko jambo ambalo wasifu asili husahau. Mwili wa mama hutoa maziwa hata akiwa na njaa, ila hapo hujila wenyewe. Katika miaka 2023 na 2024 kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilijaa akina mama wa namna hiyo. Kumwambia mwanamke kama huyo, «Nyonyesha, ndiyo asili,» kisha kumwacha bila chakula, si fundisho, ni ukatili. Vivyo hivyo mwanamume anayelisifu ziwa la bibi yake, huku franga za maharagi zimekwisha kwenye kasiksi.

Tena tusimhukumu mama aliyezuiwa na ugonjwa, wala yule anayemlea yatima kwa chupa. Huyo atafute shauri la muuguzi, na jirani amsaidie makala na maji safi. Hata mwenye virusi vya ukimwi, akitumia dawa zake vema na kufuata shauri la daktari, aweza kunyonyesha.

Enyi akina baba, mama amelibeba fungu lake mgongoni. Fungu lenu ni sahani yake ijazwe kabla ya yenu, bidoni ya maji ibebwe na mwingine, na siku ya chanjo mtoto afikishwe kwenye kituo cha afya. Na ikiwa mama hana mume, kazi hiyo ni yetu sisi majirani.