Je, Aliyekosa Kiasi Amesema Uongo?

Asubuhi ya tarehe 12 Januari, 1888, katika nyanda za Dakota na Nebraska huko Marekani, baridi ilikuwa imelegea, hata watoto wengi wakaenda shuleni bila makoti mazito. Waangalizi wa hali ya hewa walikuwa wametoa habari kwamba theluji itapeperushwa na upepo, na baridi kali itaingia usiku. Lakini dhoruba haikungoja usiku. Iliwashukia mchana, theluji laini kama unga ikajaza hewa, mtu asiweze kuona njia. Watu wapatao 235 walikufa, na wengi wao ni watoto waliokuwa wakirudi kwao.

Je, tuwaite waangalizi wale waongo? La. Mwongo huficha alijualo. Hao walisema walilolijua, ila ujuzi wao ulikuwa mfupi kuliko dhoruba. Wala si haki kusema, "Basi tusiwasikilize tena". Maana atupaye taa yake kwa kuwa haimulikii safari yote, atakwenda gizani.

Lakini neno la mjuzi halituondolei kazi ya kutazama. Huko Nebraska upepo uliezua paa la shule ya mwalimu kijana, Minnie Freeman. Hakungoja habari nyingine. Aliwaongoza wanafunzi wake mpaka nyumba ya jirani, wakapona wote.

Basi, ndugu msomaji, sisi tuliokabidhiwa watoto wa wenzetu tusikilize maonyo, kisha tukeshe. Siku ya hatari hatutaulizwa habari ilisema nini, bali watoto wako wapi.