Taklidi na Yakini katika Somo la Kuzidisha

Ndani ya somo la kuzidisha namba zenye tarakimu nyingi, ambalo watoto wengi hulikuta wakiwa na umri wa miaka tisa au kumi, mna swali zito la kifalsafa: mwanafunzi anayefuata hatua alizofundishwa na kupata jibu sahihi, bila kujua kwa nini hatua hizo humfikisha kwenye jibu hilo, je, amejua jambo au amemwamini mwalimu wake tu? Wanazuoni wa Kiislamu huiita hali hii ya pili taklidi, yaani kuikubali kauli ya mwingine pasipo kuijua hoja yake, na huitofautisha na yakini, ambayo ni ujuzi usioacha mwanya wa shaka. Mjadala huo kwa kawaida huhusu itikadi na sheria, lakini daftari la hesabu nalo linastahili kuingizwa humo, kwa kuwa ndipo mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuifikia yakini kwa akili yake mwenyewe.

Tuseme mwanafunzi amepewa 34 mara 26. Huanza na 6 mara 4, akapata 24, akaandika 4 na kuichukua 2; kisha 6 mara 3 ni 18, akijumlisha ile 2 anapata 20, na mstari wa kwanza unakuwa 204. Halafu huizidisha 34 kwa 2, akapata 68, ila safari hii huanza kuandika chini ya makumi, akiacha nafasi moja wazi upande wa kulia, na mwisho hujumlisha na kupata 884. Nafasi ile iliyoachwa wazi ndiyo moyo wa somo zima, maana tarakimu 2 katika 26 ina thamani ya makumi mawili, kwa hiyo mstari wa pili kwa hakika ni 680, na sifuri yake haikuandikwa tu. Kazi yote inasimama juu ya ukweli mmoja, kwamba kuizidisha jumla ni sawa na kuzidisha kila sehemu yake na kuyajumlisha mazao. Mtoto anaweza kuuona ukweli huo kwa kuchora mstatili wenye urefu wa 34 na upana wa 26, akaukata mara mbili tu, na kupata vipande vinne, yaani 600, 180, 80 na 24, ambavyo vikiunganishwa havina pa kwenda isipokuwa 884.

Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal maana ya yakini aliyokuwa akiitafuta, alichukua mfano wake kutoka kwenye namba. Alisema kwamba ikiwa anajua kumi ni zaidi ya tatu, kisha akatokea mtu akadai kinyume chake na kuigeuza fimbo kuwa nyoka ili athibitishe dai hilo, yeye angestaajabia uwezo wa mtu huyo, lakini asingetia shaka katika alichokijua. Kipimo hiki ni kikali, nacho kinafaa kupelekwa darasani kama kilivyo, kwa sababu mtoto anayeshikilia 884 kwa kuwa mwalimu ameweka alama ya vema ataiacha siku mwalimu mwingine atakapomwambia vingine.

Udhaifu huo hujitokeza katika kosa ambalo walimu wanalifahamu sana, pale mtoto anapoiandika 68 moja kwa moja chini ya 204 na kupata 272. Si haki kuliita uzembe. Namba 272 ni zao sahihi kabisa la 34 mara 8, na 8 ni jumla ya 2 na 6. Maana yake mtoto ameisoma 26 kama tarakimu mbili zilizokaa jirani, akalijibu kwa uaminifu swali ambalo hakuulizwa. Aliyefuata hatua tu hana cha kumshtua, ilhali aliyezielewa namba angetambua kwamba 34 mara 10 peke yake ni 340, na kwamba jibu lililo dogo kuliko hilo haliwezi kuwa la 34 mara 26.

Pingamizi lenye uzito lilitolewa na mwanafalsafa Mwingereza Alfred North Whitehead mwaka 1911, aliposhikilia kwamba ustaarabu husonga mbele kwa kuongeza idadi ya mambo muhimu ambayo watu huweza kuyafanya pasipo kuyafikiria. Ni kweli kwamba anayesimama kwenye kila tarakimu kuuliza sababu yake hataimaliza hesabu. Lakini al-Ghazali mwenyewe, katika kitabu chake kingine, Ihya Ulum al-Din, aliupanga mfuatano unaotosha kulijibu pingamizi hilo alipoeleza malezi ya mtoto katika itikadi: kwanza kuhifadhi, kisha kufahamu, kisha kusadiki na kuwa na yakini. Kuhifadhi jedwali la kuzidisha, kwa mtazamo huu, si adui wa kufahamu. Dhuluma huanza pale mlango wa pili unapofungwa na mtoto kuachwa ukumbini maisha yake yote.

Yapo maarifa ambayo hayapatikani ila kwa kumwamini mpokezi, na Hadithi za Mtume ndizo mfano wake mkuu, kwa kuwa nguvu ya Hadithi hutegemea isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioipokezana mmoja baada ya mwingine. Zao la 34 na 26 halina isnadi wala haliihitaji. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anamhoji kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometri mpaka anagundua namna ya kuchora mraba wenye eneo maradufu, kisha anasema kwamba maoni hayo bado ni kama ndoto, na kwamba yatakuwa ujuzi kijana akiulizwa mambo yaleyale mara nyingi na kwa njia nyingi. Hiyo ndiyo haki ya mwanafunzi anayeizidisha 34 kwa 30, akapata 1,020, akapunguza 34 mara 4, ambayo ni 136, na kufika 884 kwa njia ambayo hakuna aliyemfundisha. Naye mwalimu anayeikosoa kazi hiyo kwa sababu haikufuata hatua za ubaoni anadai isnadi mahali ambapo hoja imekwisha kutimia.