Kutoa Chakula na Kutoa Ujuzi

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengine watalidharau, kwa kuwa ni jambo la jikoni. Je, mtu ajuaye kupika vema ana haki ya kuuficha ujuzi wake? Na yule anayekubali kuutoa, imempasa autoe kwa namna gani? Msiseme upesi, "Hayo ni mambo ya wanawake." Mtaona kwamba swali hili laweza kugusa hata uhai wa mtu.

Katika kijiji chetu, Jumamosi alasiri, kazi ya shamba ikiisha, akina mama hukusanyika nyuma ya shule, kila mmoja na sufuria yake. Mmoja huleta sombe kwa mawese na karanga, mwingine huleta lengalenga na samaki wadogo, mwingine maharagwe. Wote huonja, huulizana, na juma linalofuata kila mmoja hujaribu nyumbani kwake chakula cha mwenzake, kisha huja kusimulia jinsi kilivyotokea. Mimi mwalimu hukaribishwa kwa kuonja tu, na kazi hiyo sijaikataa hata siku moja.

Basi, mama mmoja alisifiwa sana kwa maandazi yake ya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Wenzake walimsihi awafundishe. Akasema, "Pondeni ndizi, tieni unga, kandeni, kateni vipande, kaangeni katika mafuta. Nimewaambia yote." Wanawake watano walijaribu. Maandazi ya wote watano yalikuwa magumu, yamejaa mafuta, hata watoto waliyaacha. Ndipo bibi mmoja mzee alipogundua siri: ndizi lazima ziachwe mpaka maganda yawe meusi kabisa, tena asitiwe tone la maji katika unga ule, maana maji ya ndizi yenyewe yatosha. Maneno hayo mawili yule mama aliyaacha kwa kusudi.

Walipomlaumu, hakuona haya. Alijibu, "Ujuzi huu ni wangu, nilirithi kwa mama yangu. Mtu akichukua mbuzi wangu, mnamwita mwizi. Kwa nini anayechukua ujuzi wangu mnamwita rafiki?" Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mwisho wakaniletea neno hilo: "Mwalimu, amekosa au hakukosa?"

Sikujibu siku ile, maana hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Nimeifikiri, na naona hivi.

Kwanza, ujuzi si kama mbuzi. Nikikupa mbuzi wangu, zizi langu limepungua. Nikikufundisha kupika, ujuzi wangu unabaki mzima, na wako umeanza. Ni kama kuomba moto kwa jirani: unachukua kaa moja jekundu, unakwenda kuwasha jiko lako, na moto wake hauzimiki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu anayekataa kutoa ujuzi hawezi kusema kama mwenye mbuzi, "Nitabaki bila kitu."

Hata hivyo, tusimhukumu bila kumsikiliza. Mama yule huuza maandazi yake kando ya njia siku ya soko, na kwa fedha hizo huwalipia watoto wake malipo ya shule. Kama wote watayapika sawasawa na kuyauza mahali palepale, nani atanunua yake? Basi, kama angalisema wazi, "Ndugu zangu, neno hili nisamehemi, ndilo linalowasomesha wanangu," hakuna ambaye angalimlaumu kwa haki. Watu hawafi kwa kukosa maandazi.

Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Alisema, "Nimewaambia yote," naye hakusema yote. Kunyamaza ni jambo moja; kutoa nusu na kuiita nzima ni jambo jingine, nalo ni uongo. Wenzake walipoteza unga na mafuta, vitu ambavyo havipatikani bure. Tena walijidharau wakidhani mikono yao ndiyo mibaya. Mwenye kuficha ni afadhali aseme, "Naficha," kuliko kumtuma mwenzake katika njia isiyofika.

Hayo ni juu ya vyakula vya kufurahisha. Sasa naja kwenye jambo zito zaidi, na hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita walifika kwetu watu waliokimbia vita kutoka nchi ya milima, ambako watu hula viazi na maharagwe. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja na watoto watatu. Nilimhurumia, nikachukua kikapu cha muhogo uliochimbwa siku ileile shambani mwetu, nikampelekea. Alishukuru sana. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikijiona nimetenda mema.

Muhogo wetu ni ule mchungu. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba haupikwi kama ulivyotoka udongoni. Mama yule hakujua. Watoto wake walikuwa na njaa; aliumenya, akauchemsha kama viazi vya kwao, akawagawia. Usiku ule mtoto mdogo alitapika mara nyingi, akalalamika kichwa, akashindwa kusimama kwa kizunguzungu. Walimbeba mpaka dispensari. Kwa neema ya Mungu alipona. Asubuhi mwuguzi aliniuliza, "Mwalimu, nani aliwapa muhogo?" Nikasema, "Mimi." Akauliza tena, "Na nani aliwaambia namna ya kuupika?" Sikuwa na jibu.

Nilijitetea moyoni mwangu nikisema, "Jambo lenyewe kila mtu analijua." Lakini nani huyo "kila mtu"? Ni sisi tuliozaliwa hapa, tuliowaona mama zetu wakiloweka muhogo tangu tulipokuwa tunatambaa. Tulichozoea hatukioni tena kuwa ni ujuzi. Nilikuwa nimemwuliza yule mama jina lake, kwao, na hesabu ya watoto wake. Sikumwuliza swali moja fupi: "Mama, muhogo huu unaujua?"

Je, nilikosa? Sikuwa na nia mbaya; mimi si kama mtu atiaye sumu. Lakini katika mafundisho mmejifunza kwamba mtu hukosa si kwa kutenda tu, bali na kwa kuacha kutenda lililompasa. Ningaliweza kujua kama ningalitazama: mgeni ametoka milimani, mtoto ana njaa, muhogo ni mchungu. Upendo usiotazama ni upendo wa haraka. Nilitoa chakula, sikutoa ujuzi wake, na chakula bila ujuzi wake karibu kiue.

Kosa la namna hii si la kijiji chetu peke yake. Mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa Meksiko tangu zamani walikuwa wakiyachemsha pamoja na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Wazungu walichukua mbegu wakaipanda kwao, lakini namna ile ya kupika hawakuichukua. Huko Hispania na Italia maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipatwa na ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuhara, na hata kupotewa na akili. Mwaka 1735 mganga Mhispania, Gaspar Casal, aliandika habari zake. Baadaye uliitwa pelagra. Mwaka 1937 ndipo wataalamu walipotambua kitu kilichokosekana mwilini, yaani vitamini iitwayo niasini. Chokaa ya wale wenyeji ndiyo iliyoifungua vitamini hiyo katika mahindi. Miaka 200 ya mateso, kwa sababu mbegu ilivuka bahari na ujuzi ukaachwa nyuma! Msiogope bugali yenu ya mahindi: mwenye kuila pamoja na maharagwe, samaki na mboga hayumo katika hatari ile.

Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa pande za Kongo na Wareno katika karne ya 16. Ndani ya muhogo mchungu mna kitu kinachozaa sumu iitwayo sianidi. Muhogo ukilowekwa mpaka ukalainika, sumu hiyo hufunguliwa, ikatoka na maji na hewa. Kuuchemsha tu hakutoshi. Wakati wa vita, ukame au njaa, watu hufupisha siku za kuloweka, nao hawana samaki wala maharagwe ya kuusaidia mwili. Hapo huja ugonjwa wa konzo, ulioandikwa mara ya kwanza na mganga Trolli mwaka 1938 katika nchi ya Kwango. Miguu yote miwili hukakamaa ghafula, wala hairudi tena kama zamani. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake vijana.

Lakini katika nchi hiyohiyo ya Kwango pana habari ya kutia moyo. Katika kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, akina mama walifundishwa njia nyepesi ya kuondoa sumu iliyobaki katika unga. Wakati wa kazi hiyo, iliyomalizika mwaka 2011, hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Tena, bila kuagizwa na mtu, njia hiyo ilifika katika vijiji vitatu vya jirani kwa kusimuliana tu. Mwanamke alimwambia dada yake, dada akamwambia mama mkwe wake, mama mkwe akamwambia jirani: hivyo ndivyo habari za jikoni zisafirivyo. Fikirini: kama yule wa kwanza angalisema, "Ujuzi huu ni wangu," miguu ya watoto wangapi ingalikuwa hatarini?

Kwa hiyo nisingekuwa mwaminifu nikiwaambia habari hii bila kuwaambia njia yenyewe. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike kabisa, uanikwe juani, utwangwe, uchekechwe. Kisha tia unga katika beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama. Endelea kutia maji mpaka urudi kwenye alama ile. Halafu utandaze juu ya mkeka safi, uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole kidogo. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini, ili sumu itoke na hewa. Siku ileile usonge bugali kwa maji yanayochemka. Njia hii huongezwa juu ya kuloweka. Haichukui mahali pake.

Sasa naweza kuwajibu akina mama wa Jumamosi. Ujuzi wa kufurahisha ulimi, mwenye nao anaweza kuutoa au kuuzuia, mradi asidanganye. Akiutoa, amefanya ukarimu. Ujuzi unaolinda uhai si wa mtu mmoja. Mwenye nao ni kama mtu aonaye shimo njiani usiku: kumwonya apitaye si zawadi, ni deni.

Na kwa wote wanaopeana namna za kupika, natoa mashauri manne.

La kwanza, sema yote. Usiseme "chumvi kidogo" kama waweza kusema "kijiko kimoja." Usiseme "uloweke" bila kutaja siku.

La pili, pika pamoja naye mara moja. Mkono hufundisha mambo ambayo mdomo husahau.

La tatu, wewe unayefundishwa, jaribu kwanza kama ulivyoambiwa kabla ya kubadili kwa akili yako. Kisha rudi useme kweli, hata kama umeunguza. Wala usione haya kuuliza. Yule mama wa milimani aliniambia baadaye kwamba alitaka kuuliza, akaogopa kuonekana mshamba. Haya yake na haraka yangu ndizo zilizomwangusha mtoto.

La nne, mtaje aliyekufundisha. Ukisifiwa kwa chakula, sema, "Nilifundishwa na fulani." Hilo ni malipo madogo, nalo ni la haki.

Yule mama wa maandazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na malipo ya shule?" Swali lake lilikuwa jema. Wenzake walishauriana, wakaahidi kwamba siku ya soko hakuna atakayeuza maandazi ya ndizi isipokuwa yeye. Jumamosi iliyofuata alileta ndizi zenye maganda meusi, akazimenya mbele ya wote. Aliyeketi karibu naye zaidi, akipima unga kwa viganja, alikuwa yule mama wa milimani. Naye siku hizi ndiye anayewafundisha wenzake kupika maharagwe kwa viazi kama kwao. Na mgeni mpya akifika kijijini, yeye huwa wa kwanza kumwendea na kumwuliza lile swali ambalo mimi sikumwuliza.

Wapenzi, mkimpa mtu kikapu cha muhogo, mpeni pamoja na siku zake za kuloweka.